Alichotema Kaka Yangu Hakimu

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba, nina mke na watoto wanne, na ninaishi Voi. Kazi yangu ni kuandikia gazeti habari za korti. Nimewasikiliza watu wakihukumiwa kunyongwa, kisha nikaenda kula chakula cha mchana. Sasa anayeshtakiwa ni kaka yangu, na chakula kimenishinda. Mhariri amekubali kulificha jina langu, na majina ya wengine nimeyabadilisha.

Kaka yangu ni hakimu. Anadaiwa kumuua jirani yetu kule kijijini kwetu Mghange, milimani, mtu nitakayemwita Mwakio. Mara ya kwanza mashtaka yaliondolewa. Tulitoka kortini tukikumbatiana, na kabla hatujafika langoni akakamatwa upya kwa kosa lile lile. Sasa kesi iko Mahakama Kuu, Mombasa. Akipatikana na hatia ni kitanzi. Safari hii upande wa mashtaka una shahidi mpya, na shahidi huyo ni mimi.

Chanzo ni maji. Mwakio aliuziba mfereji unaoleta maji shambani kwetu, mama yetu akawa anateremka bondeni na ndoo kichwani. Siku moja akateleza, akavunjika nyonga, hakupona. Kaka alikuja kuzika akamkuta Mwakio kwenye matanga anakunywa chai. Hakumsemesha. Baadaye mtoto wa mwisho wa kaka akaanza kuugua, na hospitali hawakuona ugonjwa. Baba mdogo akatuita nyumbani.

"Hapa kuna mtu amebeba hasira, na inamla mtoto," alisema, macho yake kwa kaka. "Bwana hakimu, huko kortini unavaa suti. Hapa utatasa kama sisi."

Kwa wasiotoka kwetu, kutasa ni hivi: unajaza kinywa pombe ya miwa, unaipuliza nje, na unaitaja hasira yako waziwazi, bila kuipunguza. Ukificha au ukimeza sehemu, sehemu hiyo inabaki ndani. Wazee wetu walifanya hivyo, na wengi wetu tunaokwenda kanisani bado tunafanya.

Asubuhi hiyo tulikuwa watatu tu uani. Kaka alipuliza, akasema, "Mwakio, umeniulia mama. Nimetamani ufe. Nimetamani nikuue kwa mikono yangu. Hasira hiyo naitoa, iende, mtoto wangu apone." Baba mdogo akamwongezea pombe. Kaka akapuliza tena, akafuta mdomo. Mtoto alipona.

Wiki haikuisha, Mwakio akakutwa kando ya mfereji, amepasuliwa kichwa. Watu walikuwa wamemwona kaka akielekea huko. Yeye anasema alikwenda kumpa mkono na kumwomba wazibue mfereji pamoja, akamkuta ameshakufa.

Polisi hawakujua lolote kuhusu kutasa. Ni kaka mwenyewe aliyewaambia. Aliona ndiyo kinga yake: mtu aliyetasa hana tena sababu ya kuua. Akataja na mashahidi. Baba mdogo amefariki tangu hapo. Nimebaki mimi.

Wakili wetu alipojua alishika kichwa. "Hakimu mzima! Anawapa kamba, halafu anawaonyesha na shingo ilipo!" Kisha akaniambia polepole, "Mzee, ukiulizwa, sema hukumbuki. Jaji yule si wa kwenu. Atasikia 'nimetamani nikuue kwa mikono yangu', basi."

Nilimpelekea kaka maneno hayo rumande. Alikasirika.

"Sema kila neno. Hata mtoto wa kwetu anajua maana yake."

"Kaka, watakaoamua si watoto wa kwetu."

"Wewe mdogo wangu ndiye utanifundisha sheria?"

Mke wangu naye ana lake. "Baba Mkawasi, maneno ya watu unayaandika yalivyo, hata ya wezi wa kuku. Leo ya kaka yako ndiyo utasahau?" Akaongeza, "Lakini wakimnyonga, usije kuniambia mimi."

Hayo yote ningeweza kuyabeba. Kuna jambo moja sijamwambia mtu, wakili wala mke. Kaka alipopuliza mara ya pili, nilikuwa karibu naye kama mtu anayemnyoa. Kilichotoka ni kidogo kuliko kilichoingia. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Alimeza.

Huenda alipaliwa. Huenda ilikuwa bahati mbaya tu, kinywa kilikuwa kimejaa mno. Niliona alichofanya, moyoni mwake sikuona. Nilijaribu kumuuliza, tukiwa na wavu katikati yetu. "Kaka, ile asubuhi ulitema yote?" Alinitazama kwa jicho lile la kwenye kiti chake cha korti. "Si ulikuwepo?" akasema. Akaita askari amrudishe ndani.

Kesi imeshaanza; mimi shahidi nangoja nje, na habari naletewa na wakili. Katika wazee wa baraza wanaomshauri jaji, mmoja ni mtu wa milimani kwetu, mwenye mvi, na juzi alimsahihisha karani jina la kijiji. Wakili alifurahi sana akaniambia, "Sasa sema yote! Huyu atawaeleza wenzake kutasa ni nini." Kaka naye alipomwona mzee huyo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu akamatwe. Mimi ndiye niliyeogopa. Wazee wa baraza huruhusiwa kumuuliza shahidi, na mzee wa kwetu ana swali moja tu la kuuliza kuhusu kutasa.

Jumatatu ninapanda kizimbani, Biblia mkononi. Nikisema alitema yote, nitakuwa nimeapa uongo, na pengine nimemwachilia aliyemuua Mwakio. Nikisema alimeza, mtu pekee mle ndani aliyeweza kumwokoa kaka yangu ndiye atakayekuwa wa kwanza kumhukumu, na huenda kaka hakuua. Siwezi kukaa kimya. Mzee atauelewa ukimya huo kuliko wote.

Wasomaji, nishaurini kabla ya Jumatatu. Akiniuliza, "Mwanangu, alitema yote?" nimjibu nini?