Mpiga Mshale wa Kakesio na Damu Isiyofika Moyoni

Saa kumi na mbili asubuhi, kijijini Kakesio. Maksai mwekundu ameshikwa pembe, shingo imekazwa kamba ya ngozi, mshipa umetuna. Parsimei anavuta upinde, kisha anaushusha.

"Sitonik, mkeo damu imekata?"

"Bado inatoka. Tangu ajifungue alfajiri. Ndiyo maana nimekuita, mzee. Piga, anywe, irudi."

"Sipigi. Tafuta gari."

"Ala! Mpiga mshale anaogopa damu siku hizi?" anadakia mzee Lembris. Watu wanacheka.

Parsimei hacheki. Tangu ujana kazi yake ni hii, kumtoa ng'ombe damu bila kumuua. Inachanganywa na maziwa, wanapewa waliojifungua na waliojeruhiwa. Malipo ni maziwa, na mwenye moyo humpa mbuzi.

Miaka minne iliyopita mkewe, Nanyori, alijifungua mtoto wao Beatrice, damu ikagoma kukata. Parsimei hakutafuta gari. Alichukua upinde.

"Nilimpa kibuyu, akanywa chote," anasimulia baadaye, macho chini. "Nikaona kazi nimemaliza. Nikakaa mlangoni nangoja apate nguvu. Akaniambia, 'Baba Beatrice, nasikia baridi.' Nikamfunika shuka. Shuka, jamani!"

Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho. Muuguzi Lusia ndiye aliyemweleza, taratibu.

"Baba, damu ya kunywa inakwenda tumboni, inasagwa kama chakula kingine. Haiingii mishipani. Moyo kazi yake kusukuma damu iliyomo mishipani, izunguke mwili mzima. Ikishamwagika, moyo usukume nini?"

"Afadhali angenichapa," anasema Parsimei.

Asubuhi hii, watu wakiwa bado wanacheka, mama yake Sitonik anatoka ndani ya nyumba, mikono imelowa damu. "Mwanangu, midomo yake imekuwa myeupe."

Kicheko kinakatika. Sitonik anatimua mbio kwa mfanyabiashara mwenye Landrova. Witness, mke wa Sitonik, anapakiwa kwenye godoro, kichanga kinabebwa na bibi yake. Parsimei naye anapanda.

Njia ni ndefu, vumbi tupu. Kila gari linaporuka shimo, Sitonik anauliza, "Witness, unanisikia?" Mara anaitika, mara kimya.

Hospitali wanamkimbiza ndani kuzuia damu. Sitonik na Parsimei wanapimwa damu, apatikane wa kumwongezea. Ya Sitonik haipatani na ya mkewe. Ya Parsimei inapatana.

"Mshipa wako mnene, baba," anasema Lusia, akimfunga mpira mkononi.

"Piga basi. Huo hata mimi nisingeukosa."

Jioni Witness anafumbua macho, anaomba maji. Sitonik anamkumbatia Parsimei. Parsimei anajitoa taratibu, anakwenda nyuma ya jengo. Huko ndiko analia.

"Nimefurahi, msinielewe vibaya," anasema baadaye. "Lakini kumbe Nanyori naye angepona."

Lusia amemwambia akae miezi kadhaa kabla ya kutoa tena. Siku hiyo ikifika, anataka kuja na wenzake wa rika lake. Mzee Lembris amekwisha kuwaonya kwamba mwanaume akitolewa damu hana nguvu tena.

"Ng'ombe tunamtoa damu, anajikung'uta, anarudi kula majani," anasema Parsimei. "Sisi tunaogopa nini? Nitawaambia hivyo hivyo. Wakikataa, nitakuja peke yangu."