Kuruthum, Niliyemrejea Bila Kumuuliza

Asubuhi ile ya Jumanne Kuruthum alinitilia kahawa, akaniwekea tende katika kisahani, akasema leo zamu yetu ya maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, nisichelewe. Nikamwambia sichelewi. Akakaa mkekani na kofia aliyokuwa akiishona. Ilikuwa imebaki upande mmoja, na kesho yake ni soko. Nilipotoka sikugeuka. Ilikuwa asubuhi kama nyengine zote.

Adhuhuri jirani yetu Shukriya akaja mbio shambani kusema Kuruthum kaanguka jikoni. Tukampeleka spitali hapa Ibra. Alikaa siku nne, akafa. Mwaka 2006 huo.

Azza, binti yetu, kaolewa Sur. Ilipokwisha hitma aliniambia, "Baba, andika habari za mama. Wanangu wasije wakamjua kwa picha tu." Nimekubali. Lakini siwezi kuandika habari zake nikaliacha lile nililomfanyia mwaka 2000. Watu walinipa mkono, wakaniambia Mungu akupe subira, umefiwa na mkeo. Niliipokea mikono yao. Sijui kama ilikuwa haki yangu.

Kuruthum binti Harub kazaliwa Unguja, Vikokotoni. Mama yake alimfundisha kushona kofia za viua, zile zinazotobolewa tundu moja moja kwa sindano, kila tundu likazungushiwa uzi. Mimi mtu wa Tabora, nilikuwa utingo wa lori. Nilimuona mara mbili. Nikapeleka wazee kwa baba yake, baba yake akakubali, tukaoana mwaka 1962. Mwaka 1964 tukakimbilia Tabora, na mwaka 1973 tukaja huku Ibra, Omani, walikotoka babu zangu.

Alikuwa hajui Kiarabu cha hapa hata cha kuombea chumvi. Wanawake walimcheka. Mmoja alimwita Mswahili mbele ya watu, kwa kumdharau. Kuruthum akaendelea kushona. Miezi mitatu baadaye mume wa mwanamke yule akamwagiza kofia, akenda nayo msikitini, akatoka akakuta kofia yake imechukuliwa na iliyobaki si yake. Kuruthum akamwambia yule mwanamke kwa Kiarabu alichokwisha kujifunza, "Mwambie mumeo asilie. Mswahili atamshonea nyengine." Tangu siku ile walikuwa marafiki.

Mimi nilipata kazi Maskati, dereva wa lori la maji. Miaka ishirini na sita. Jumatano magharibi nafika nyumbani, Ijumaa baada ya alasiri naondoka. Watoto watatu kawalea yeye. Nyumba kajenga yeye. Mimi nilileta fedha tu, yeye ndiye aliyesimama na mafundi. Alhamisi alikuwa akinipikia wali wa nazi na samaki wa Sur, tukila akanihadithia wiki nzima, nani kazaa, nani kagombana na mkwewe. Alikuwa akiigiza sauti za watu. Nilikuwa nikicheka mpaka nashika mbavu. Nilimjua mke wangu hivyo.

Hapa Ibra kuna soko la wanawake, Jumatano asubuhi. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake. Mwanamme haingii. Kuruthum alikuwa na pahala pake pale, anatandika mkeka, anapanga kofia zake na udi na visheti. Wanawake walikuwa wakija kwake hata wasiotaka kofia.

Mwaka 1999 nikapata takaudi, nikastaafu. Nilikuwa na furaha. Nilisema, sasa nitakaa nyumbani kwangu.

Nikakaa.

Siku ya kwanza niliyapanga upya makopo yake ya jikoni, makubwa nyuma, madogo mbele, kama nilivyokuwa nikipanga vyombo vya lori. Alikaa siku mbili akitafuta hiliki. Simu ikilia, nauliza nani. Akitoka, nauliza wapi. Akirudi, nauliza mbona umekawia. Kahawa nilikuwa nikitaka mara tano kwa siku, na kila mara niliita kutoka barazani, "Mama Azza!" Wanawake waliokuwa wakija kushona naye asubuhi walinikuta nimekaa pale pale pao na redio. Walikaa kidogo kwa adabu, wakaaga. Wiki ya tatu hakuja mtu.

Shukriya alimwambia, nami nasikia, "Mwenzangu, ungempeleka japo mbuzi akachunge."

Kuruthum akajibu, "Mbuzi watamkimbia. Atawauliza wametoka wapi."

Walicheka. Mimi nilikasirika. Ningecheka nami, labda haya yote yasingekuwa.

Jumatano nilikuwa nikimpeleka sokoni kwa gari, kisha nakaa nje ya soko nikimngoja. Ikifika saa nne napiga honi. Wanawake wakimwambia, "Kuruthum, mtoto wako analia!" Akitoka uso kaukunja, vitu vyake nusu havijauzwa. Nilidhani namfanyia wema kumngoja juani.

Jumatano moja, mwezi wa Mfungo Nne mwaka 2000, nilipiga honi asitoke. Nikapiga tena. Nikashuka nikaingia ndani. Wanawake wakajifunika, wengine wakageuza nyuso, bibi mmoja akapiga kelele kuna mwanamme. Nikenda mpaka mkekani kwake nikasema, "Jua limepanda, chakula sijala."

Alikunja mkeka. Tulipofika nyumbani alinipakulia, akangoja nimalize kula, akasema, "Baba Azza, nataka talaka yangu."

Nilidhani utani.

"Miaka ishirini na sita nilikuwa na mume wa Alhamisi na Ijumaa," alisema. "Nilimpenda yule, nilikuwa nikimhesabia siku. Huyu wa siku zilizobaki simjui, naye hanijui. Mimi mtu mzima. Nataka asubuhi zangu."

Nilimwambia wanawake wa umri wake wanataka kuhiji, hawataki talaka. Akasema kuhiji keshahiji. Aliitaka tena siku ya pili, na ya tatu. Siku ya nne nilisema, "Basi, nimekuacha." Nilisema kwa hasira, lakini nilisema.

Tulikwenda kwa kadhi. Akaandika talaka moja. Akasema, kwa kuwa bibi hana tena siku zake, eda yake miezi mitatu ya mwandamo, akae humu humu nyumbani kwa mumewe. Kisha akanigeukia mimi. "Ukitaka kumrejea kabla ya miezi kwisha, una haki hiyo. Weka mashahidi wawili. Na mwenyewe ajue."

Nyumba yetu vyumba vinne. Yeye akahamia chumba cha watoto. Mimi kwa haya nikawa natoka alfajiri nakwenda shambani kwenye mitende yangu, sirudi mpaka alasiri. Na nyumba ikabadilika. Wanawake wakarudi na sindano zao. Nikija nasikia vicheko toka nje. Makopo yakarudi yalipokuwa. Jioni alikuwa akinitilia kahawa, mlango wazi, mimi upande huu yeye upande ule, naye akinihadithia ya mchana. Akaanza tena kuigiza sauti za watu. Nikacheka tena.

Mimi nikafahamu kuwa roho yake imenirudia. Sasa naona alikuwa akiniaga vizuri, kwa kuwa nduguye Mahrous, wa Nizwa, alikuwa keshamjengea chumba chenye mlango wake mwenyewe, na yeye alikuwa akizihesabu siku kwa furaha. Nilikuwa nikiiona furaha ile, na nikaichukua kuwa ni yangu.

Mwisho wa Mfungo Tano, baada ya sala ya alasiri, niliwazuia wazee wawili msikitini. Nikawaambia, "Shuhudieni, nimemrejea mke wangu Kuruthum binti Harub."

Mmoja akaniuliza, "Mwenyewe anajua?"

Nikasema, "Namwambia leo."

Sikumwambia leo. Wala kesho. Niliogopa atanuna, hadithi zitakwisha. Nikasema moyoni, ngoja, zipite siku, yatakuja yenyewe maneno. Haki ilikwisha kuwa mkononi, ya nini haraka.

Siku ya nne baada ya hapo tulikuwa tukinywa kahawa. Akaweka kikombe chini, akasema bila ya kunitazama, "Baba Azza. Huko nyuma ulipoleta posa, aliulizwa baba. Mimi sikuulizwa na mtu. Ikiwa una nia ya kunirejea, niulize. Usende kwa watu. Niulize mimi."

"Nikikuuliza utasema nini?"

"Uliza kwanza."

Pale ndipo. Ningesema, Kuruthum, nimekosea, nimekwisha kwenda kwa watu. Au ningeuliza hivyo hivyo, nikanyamaza la wazee. Nilikunywa kahawa yangu. Nilimwambia tende za mwaka huu zitakuwa nzuri.

Alinitazama kidogo, kisha akaondoa vikombe.

Siku ya mwisho ya eda ilikuwa mwanzo wa Mfungo Saba, joto kali, watu wanaangua tende. Mahrous alikuja na pikapu yake toka Nizwa kabla ya adhuhuri. Kuruthum alikuwa tayari. Masanduku mawili, cherehani, godoro, na kibunda cha kofia. Alikuwa kavaa kanga mpya chini ya buibui. Shukriya yupo, analia na kumtania pamoja, anamwambia, "Nenda ukaolewe na Mnizwa mwenye halua yake," na Kuruthum anamwambia, "Mie nna sukari, halua itaniua kabla ya harusi."

Walipokwisha kupakia nilitoka barazani. Nikasema, "Mahrous, usiwashe gari."

"Kuna nini, shemegi?"

"Dada yako ni mke wangu. Nimemrejea tangu mwezi wa Mfungo Tano. Mashahidi wapo."

Mahrous akasema, "Unasema nini wewe?" Akashuka. Nilidhani atanipiga, na ningekubali. Hakunipiga. Alikwenda msikitini akawauliza wazee wale, wakasema kweli, na tarehe wakaitaja. Alirudi kainamisha kichwa. Eda haijakwisha na mwenyewe keshajua, sheria ilikuwa upande wangu. Hakuna aliyeweza kusema kitu.

Kuruthum alikuwa kasimama juani wakati wote ule. Aliniuliza jambo moja tu. "Siku ile nilipokwambia uniulize, ulikwisha kwenda?"

Nikasema, "Ndiyo."

Akamwambia nduguye, "Teremsha." Mahrous akasema aje tu, wataangalia huko mbele. Kuruthum akasema, "Nije vipi na mimi mke wa mtu? Teremsha." Akalishika godoro yeye mwenyewe upande mmoja.

Mimi sikusaidia kuteremsha. Sikuthubutu kugusa kitu chake.

Tulikaa miaka sita. Sitaki Azza adhani mama yake aliteswa. Niliendelea kwenda shambani alfajiri mpaka alasiri, na Jumatano sikulikaribia soko. Wanawake walikuja kwake. Kofia zake zilivaliwa mpaka Nizwa na Sur. Alinipikia, alinifulia, nilipougua mgongo alinikanda kwa mafuta ya nazi kila jioni mwezi mzima. Hakunigombeza hata siku moja. Lakini hakunihadithia tena. Nikiuliza za leo, anasema, "Alhamdulillahi." Nikikaa barazani namsikia ndani anaigiza sauti ya mtu, wenzake wanacheka. Nikiingia, wanasalimia, na yeye anauliza kama nataka kahawa.

Nilitaka kumuomba msamaha. Kila Ramadhani nilitaka, na kila Idi. Nilikuwa nikisema neno la watu wote, "Tusameheane," naye anajibu, "Tusameheane," kama anavyomjibu jirani. Lile lenyewe sikulitaja. Niliogopa jawabu, vile vile kama nilivyoogopa mwanzo.

Spitali, siku ya tatu, daktari alisema moyo umechoka. Azza alikuwa keshafika toka Sur, katoka kusali. Tukabaki sisi wawili. Mkono wake wa kushoto haukuwa na nguvu, wa kulia ulikuwa juu ya shuka unatembea kidogo, kama anatafuta sindano. Nikasogeza kiti.

Nilimwambia, "Kuruthum, nimekuja kuuliza."

Akafungua macho.

Nikamwambia yote kwa majina yake. Nikamwambia honi. Nikamwambia soko, na wenzake niliowafukuza. Nikamwambia wazee wawili wa msikitini, na kikombe cha kahawa, na kwamba nilinyamaza kwa kusudi. Nikamwambia, "Nilikuchukulia asubuhi zako, na uliponifungulia mlango wa kuuliza nilikuwa nishaingia kwa dirisha. Nisamehe."

Kisha akasema, taratibu, pumzi ikikatika, nami nayaandika kama alivyoyasema, sikuongeza wala sikupunguza, na kesho yake alfajiri alikufa:

"La soko nimekusamehe zamani, wala halikuwa zito. La kunirejea, bado. Nilikuwa kila siku nangoja ulitaje nipate kulifikiri, nawe umelitaja leo. Niache nilifikiri."