Kuchechemea na Baba

Niliingia kwetu Isiolo nikiburuta mguu. Mimi na rafiki yangu, mwalimu mwenzangu kutoka Nairobi, tulikuwa tumetoka Marsabit kwa miguu tukikusudia kufika Nanyuki kabla shule hazijafunguliwa. Mpaka Archer's Post mambo yalikuwa sawa. Hapo lengelenge la kisigino cha kulia likapasuka, nami kwa ukaidi nikaendelea kutembea nikikanyagia upande, hadi kifundo nacho kikavimba. Tulipofika mjini rafiki yangu alinitazama akasema, "Wewe pumzika kwenu. Mimi naenda Meru kwa dada yangu. Ukipona nipigie, tuanzie hapahapa."

Mama ndiye aliyenifungulia geti. Salamu yangu hakuimaliza kuitikia. "Aleikum sa... Ya Allah, huo mguu!" Akanikalisha kwenye mkeka barazani, akaleta beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, akauinua mguu wangu kwa mikono miwili na kuutumbukiza taratibu, huku akininong'onezea kwa Kiborana kama anavyomtuliza mtoto.

Baba alikuwa hapo kando, kwenye kiti cha plastiki. Mwaka uliotangulia alipatwa na kiharusi, na upande wake wa kushoto ulikuwa bado mzito. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akienda mpaka Biliqo kununua mbuzi, na akirudi tunasikia sauti yake kabla hatujamwona. Sasa maneno yalimtoka moja moja. Alitazama beseni, akaniuliza, "Nani alikuwa anakufukuza?"

"Hakuna, Baba. Tulikuwa tunatembea tu."

"Kutoka Marsabit. Na magari yapo."

"Yapo."

Akatikisa kichwa, lakini upande wa mdomo wake uliokuwa mzima ulikuwa unatabasamu.

Jikoni, akinichemshia chai ya maziwa ya ngamia, Mama alinieleza shida. Hospitali walisema Baba atembee kila siku, la sivyo mguu utakauka. Yeye hataki kuvuka geti. "Anaona haya," Mama alisema. "Mimi nimeomba, shemeji yako ameomba, hata imamu alikuja. Anasema hatatoka watu wa mtaa wamtazame akijivuta."

Uvimbe ulipopungua kidogo nilitaka kwenda dukani kununua bandeji. Nilivaa champali kubwa za Mama, nikafika getini, nikaogopa. Barabara yetu ina mawe. Nikageuka. "Baba, nisindikize. Naogopa nitaanguka."

Sikuwa nimepanga hila yoyote. Niliogopa kweli. Baba aliutazama mguu wangu, kisha akamwambia Mama amletee kofia yake.

Tulitoka. Alishika fimbo kwa mkono wa kulia, mimi nikamshika ule wa kushoto, kwa hiyo miguu yetu mibovu ikawa katikati, ikigongana kila hatua. Mama wa mboga pale kona aliacha kuchambua sukuma wiki. "Mzee! Tumekukosa! Mnaenda wapi?"

"Nampeleka huyu mtoto," Baba akajibu, kifua mbele. "Ameumia."

Mwenyewe hakujitaja.

Kuanzia hapo tukawa tunatoka kila asubuhi kabla jua halijakolea. Kwanza dukani, halafu msikitini, halafu mpaka lami. Njiani alianza kuongea. Siku moja tulipoketi kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, aliniambia kwamba hospitalini alikuwa akitazama kidole gumba cha mguu wa kushoto kutwa nzima. "Nilimwomba Mungu hicho kidole tu," alisema. "Kuomba mguu mzima niliona aibu." Nilimfuta vumbi kwenye kanzu, ambapo hapakuwa na vumbi.

Kisigino kilipona. Nililijua hilo alfajiri moja nilipokwenda kuchota maji ya kutawadha na kurudi bila kukumbuka kuchechemea. Lakini tulipotoka na Baba nilichechemea. Rafiki yangu alipopiga simu kuuliza, nikamwambia, "Bado kidogo."

Mchezo huo haukudumu. Tulikuwa tunarudi kutoka msikitini Baba aliposimama ghafla.

"Leo unachechemea mguu wa kushoto," akasema.

Nikatazama chini. Kweli.

"Jana ulikuwa wa kulia."

Nilianza kucheka, naye akacheka mpaka ikabidi aegemee ukuta wa watu, mabega yakimtikisika, machozi yakimtoka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka hivyo tangu augue.

"Nilifikiri nikipona hutatoka tena," nikamwambia.

Alijipangusa macho kwa kofia. "Mimi niliona tangu juzi kuwa umepona. Nilinyamaza. Nikisema, utaenda."

Tukasimama pale ukutani, mimi nimemshika mkono, hakuna aliyeharakisha.

"Basi tumeshikana kwa uongo sote wawili," akasema mwishowe. "Mpigie mwenzako."

Asubuhi ya kuondoka Mama alinijazia mkoba mikate ya anjera, tende, na kopo la nyirinyiri, ile nyama iliyokaangwa ikahifadhiwa katika mafuta, mpaka mzigo ukawa mzito kuliko nilivyokuja nao. Baba alinisindikiza hadi lami, ambako rafiki yangu alikuwa akingoja. Nilipotaka kumshika mkono aliukwepesha. "Shika mkoba wako."

Aliniombea dua kwa ufupi, akageuka kurudi peke yake. Nilimtazama. Bodaboda zilimpita pande zote, naye hakusogea pembeni; alikwenda kwa mwendo wake katikati ya njia, kama mwenye njia. Alipofika kona aliinua fimbo juu bila kugeuka, maana kugeuka bado kulimsumbua.

"Unalia?" rafiki yangu akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema, tukaanza kupanda kuelekea Timau.