Mwanamke Asiyekwenda Matangani

Mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, ukitaka kupanda cheo, hutaulizwa kwanza umesoma wapi. Utaulizwa ulikuwa wapi siku mkubwa wako alipofiwa na mama mkwe. Hilo kila mtu analijua na hakuna anayelionea aibu. Mkubwa akifiwa, kazi inalala. Wauguzi, makarani na madereva wanafunga safari hadi nyumbani kwake na makaa, sukari na kahawa, na kila mmoja anatafuta kiti mahali ambapo jicho la mkubwa litapita. Wako wanaolia kwa uchungu, sikatai. Wako pia wanaolia huku wakichungulia pembeni kuona kama machozi yao yameonekana.

Félicité, muuguzi wa hospitali moja ya misheni, hakuuweza mchezo huo. Alikuwa mwanamke mwembamba wa maneno machache, na machache hayo yalikuwa na pilipili. Katika kazi alitaka jambo moja tu: kuwaongoza wauguzi. Aliona jinsi zamu zilivyogawanywa kwa upendeleo, mwenye mjomba akipewa mchana na asiye na mtu akikesha mwaka mzima, akajua kwamba yeye angeweza kuzigawanya kwa haki. Ila hakutaka kukipata cheo hicho kwa kushika kikombe cha chai kwenye msiba wa mtu asiyemjua.

Papa Jean-Pierre, muuguzi mkongwe aliyewafundisha kazi nusu ya wauguzi wa pale, alimhurumia. Siku moja alimkalisha kwenye benchi nyuma ya maabara.

"Félicité, mutoto yangu, sikia. Kazi unajua. Lakini kazi haionekane, mutu ndiye anaonekana. Shefu akiwa na matanga, kuya, kaa, lala pale. Kesho wakitafuta mutu wa kuweka, jina yako itakuwa ku mudomo yao."

"Papa Jean-Pierre, siye tulisomaka juu ya kuuguza watu, ao juu ya kulilia watu?"

"Cheka tu. Asiyekuwapo na lake halipo."

Wala hakuwa mtu mbaya. Ndivyo yeye mwenyewe alivyopanda, hatua kwa hatua, msiba kwa msiba, na alimpa Félicité kilicho bora alichokuwa nacho.

Jibu la Félicité lilitoka hadharani, kwenye mkutano wa wauguzi wote. Mkurugenzi alikuwa anatafuta mtu wa kuongoza zahanati ya misheni kule Aveba. Vita vilikuwa vimekwisha, ndivyo tulivyoambiwa, lakini vijana wenye bunduki walikuwa bado vilimani upande ule wa kusini, na watu waliouziana mihogo sokoni walikuwa bado wanaangaliana kwa pembeni. Tena Aveba ilikuwa mbali na macho ya wakubwa. Kwenda huko ilikuwa kujifukia mwenyewe. Wote waliinamisha vichwa kama watoto wasiojua somo. Félicité akanyanyua mkono.

"Nitaenda mimi," alisema. Angeishia hapo ingetosha, lakini ulimi hauna mfupa. "Na niseme mbele ya wote: matanga haiko diplôme. Mutu mwenye anaenda ku matanga ya shefu juu ya cheo, anamuibia maiti machozi yake. Mimi sitakaa matanga ya mutu wa kazi. Na yangu ikifika, musikuye!"

Wengine walicheka, wengine walinuna. Rebecca, aliyeketi karibu naye, alimvuta mkono wa nguo ili anyamaze, lakini maneno yalikwisha toka.

Rebecca huyo hakuwa mtu wa kazi tu. Walisoma uuguzi pamoja, wakilala kitanda kimoja kwa mama yake Félicité, mama Valérie, aliyekuwa akiuza sokoni maharagwe yaliyotoka kijiji cha Marabo. Rebecca hakuwa na mama. Mama Valérie ndiye aliyemsuka nywele siku ya harusi yake, na ndiye aliyempokea mtoto wake wa kwanza mikononi. Ukimsikia Rebecca akisema "mama", alikuwa anamsema huyo.

Aveba ilikuwa upweke mtupu. Miezi ya kwanza watu walikuja zahanati wakiwa wagonjwa, wakapona, wakaondoka bila kumtazama usoni. Hawakujua ametumwa na nani. Jioni alipika sombe, majani ya muhogo, ya mtu mmoja, na sombe ya mtu mmoja haina ladha hata ukiitia mawese namna gani. Ili apate mtandao wa simu alipanda kilima nyuma ya kanisa, akamsikia mama yake kwa sauti ya kukatikakatika, "Unakula? Unakula kweli?", kisha simu ikazima. Alishuka akiwa mpweke zaidi kuliko alivyopanda.

Lakini kazi aliifanya. Akina mama waliozoea kuzalia nyumbani wakaanza kuja, kwanza kwa woga, halafu kwa kuitana. Wauguzi wake wachache walijua zamu zao mapema, na hakuna aliyeonewa.

Mwaka wa pili habari ilimfikia kwa mwendesha pikipiki: Emery, mume wa Rebecca, amefariki. Aliugua homa siku chache tu.

Juma hilo barabara ya kwenda Bunia ilikuwa wazi, wenye bunduki hawakuifunga. Hapa mimi simtetei Félicité. Zahanati ilikuwa imejaa watoto wenye surua, hilo ni kweli, naye alijiambia kwamba ni surua iliyomzuia. Lakini muuguzi wake mmoja alimwambia, "Enda, mama, siye tutabaki," na hakwenda. Aliogopa kuingia ua wa Rebecca akutane na macho ya wauguzi wa hospitali, wanong'one, "Huyu si ndiye aliyesema?" Aliogopa kuchekwa. Akatuma gunia la maharagwe na ujumbe mrefu wa pole. Rebecca alijibu neno moja, "Aksanti."

Halafu likatokea lile ambalo Jean-Pierre aliapa kwamba haliwezekani. Mkurugenzi alibadilishwa. Yule mpya hakumjua mtu, wala hakuwa amefiwa na mtu hapa mjini. Alizunguka zahanati zote za misheni, akafika Aveba, akakaa siku nzima, akauliza maswali. Mvua zilipokwisha Félicité aliitwa Bunia kuwa mkubwa wa wauguzi wote, cheo ambacho kwa Kifaransa huitwa Directrice. Jean-Pierre, aliyekuwa amekesha kwenye misiba mingi kuliko padri, alimpa mkono.

"Umenishinda," alisema. "Félicitations, mutoto yangu."

Basi alishinda. Alizigawanya zamu kwa haki kama alivyokusudia, mwenye mjomba na asiye na mtu wakakesha sawasawa. Walimheshimu. Ila alipoingia chumba cha chai, mazungumzo yalikatika, vikombe vikamalizwa haraka, na mara alijikuta peke yake na birika. Rebecca, aliyekuwa kwenye wodi ya wazazi, alimwamkia kila asubuhi, "Bonjour, Madame la Directrice." Alisema hivyo bila hasira, na ndiyo sababu iliuma. Mara nyingi Félicité alitaka kumshika mkono amwambie neno juu ya Emery. Aliahirisha, maana hakujua lianzie wapi, na kadiri alivyoahirisha ndivyo lilivyozidi kuwa zito.

Mama Valérie alikufa mwezi wa Agosti, akiwa usingizini, bila kumsumbua mtu.

Na matanga yakajaa! Turubai lilifungwa kabla jua halijapanda. Viti vya plastiki vya kukodi havikutosha, vikaagizwa vingine. Wauguzi wa wodi zote walikuja, na maabara, na duka la dawa, na madereva, wamebeba sukari na makaa na katoni za sabuni. Alisema wasije? Nani angelikumbuka neno hilo sasa, naye ndiye mkubwa? Dada mmoja wa chumba cha upasuaji, ambaye hakuwahi kumwona mama Valérie hata kwa mbali, alijitupa chini akagaagaa mpaka kitambaa cha kichwani kikamtoka. Jean-Pierre alikaa safu ya mbele, mikono magotini, kama fundi anayejua kazi yake.

Félicité aliketi kwenye mkeka kati ya shangazi zake, akawatazama. Hakuna alichomtakia mama yake zaidi ya watu wa kumlilia, na sasa watu walikuwepo, na hakuweza kujua ni nani kati yao anayelia kweli. Macho yake yenyewe yalikuwa makavu. Kila lango lilipolia aliinua kichwa kumtafuta Rebecca. Siku ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Siku ya tatu matanga yalianuliwa, viti vikarundikwa kwenye mkokoteni, na Rebecca hakuonekana. Alipata alichostahili, alijiambia. Hakwenda kwa Emery, kwa nini Rebecca aje kwake?

Alasiri ile, baada ya ndugu kutawanyika, alikwenda mtaa wa Lumumba kwa miguu, hadi kwa Rebecca. Alitaka kuomba msamaha hata kama angefungiwa mlango.

Hakufungiwa. Rebecca alifungua, akamkaribisha, akafuta vumbi kwenye kiti kizuri cha nyumba, kile cha wageni, akakisogeza. Félicité aliketi. Macho ya Rebecca yalikuwa yamevimba.

"Rebecca, kwa Emery sikukuya," alisema. "Njia ilikuwa wazi. Niliogopa watu watanicheka. Unisamehe."

Rebecca alifunga mlango.

"Kwa mama, mimi nilikuyaka," alisema. "Siku ya kwanza, asubuhi. Nilifikaka mpaka ku mulango ya lupango ya mama. Nikaona watu ya hôpital wote, kila mutu anatafuta kiti ya mbele. Nikasema, nikiingia, Félicité ataona na Rebecca naye anakuya juu ya cheo. Weye mwenyewe ulisemaka. Nikarudia ku nyumba."

"Mu ile watu wote, nilikuwa natafuta weye tu."

"Ningejua aje?"

Rebecca alionyesha mkeka uliotandikwa pembeni mwa ukuta, na kando yake jiko lisilo na hata jivu jipya.

"Mama nilimulilia hapa. Siku zote tatu. Sikuwasha moto, watoto walikulaka kwa jirani."

Félicité akatoka kwenye kile kiti kizuri, akashuka kwenye mkeka. Hapo ndipo machozi yalipokuja, machozi ambayo hayakuja kaburini wala chini ya turubai, akalia kwa sauti mbaya kama ya mtoto. Rebecca aliketi kando yake. Aliuweka mkono mgongoni pake, akasema polepole, "Mama yetu. Mama yetu." Walikaa hivyo bila kusema lingine, na kwa muda ule Félicité hakuwa mkubwa wa mtu yeyote.

Kisha mwanga dirishani ukaanza kuwa wa manjano. Rebecca alitazama dirisha, akaondoa mkono taratibu.

"Madame la Directrice," alisema kwa sauti ya chini, "garde yangu inaanza saa kumi na mbili."

Neno moja tu lingetosha. Simu moja wodi ya wazazi, na muuguzi mwingine angeshika zamu ya Rebecca, tena kwa furaha, kumpendeza mkubwa. Félicité alikuwa na uwezo huo. Alikwishafungua kinywa. Lakini kesho yake hospitali nzima ingesema kwamba Rebecca amesamehewa zamu kwa kukaa matanga na mkubwa, na wangekuwa wanasema kweli.

"Enda," alisema. "Usichelewe."

Rebecca alivaa koti lake jeupe, akanawa uso. Mlangoni alisita.

"Kaa tu kama unataka. Ukitoka, ufunguo uwachie jirani."

Nyayo zake zilisikika uani, halafu barabarani, halafu hazikusikika tena. Félicité alibaki kwenye mkeka, akakaa matanga ya mama yake peke yake, katika nyumba ya mtu mwingine.