Mbegu ya Stumai

Yunisi wa Kinampanda hana subira na uongo, na bahati njema kazi yake ndiyo hiyo. Kompyuta inasoma kurasa za mtandao mchana na usiku, inaokota habari, kisha inamletea kwenye simu aamue: Kweli, Si kweli, au Sijui. Hiyo Sijui hajawahi kuigusa. "Sijui ni ya wavivu," husema huku akisonga ugali.

Siku moja ikaja hii: "Masuke ya mtama yakitundikwa juu ya jiko, wadudu hawali mbegu." Yunisi akacheka. Maneno yake hayo! Aliyaandika mtandaoni mwaka aliomzika mama yake, Stumai, ili ujuzi wa marehemu usifukiwe naye. Lakini pembeni mashine ilionya: ukurasa mmoja tu, itafutwa mwisho wa mwezi.

Akampigia Enock, msimamizi wake aliyeko Singida mjini.

"Mama Yunisi, uandike wewe, uthibitishe wewe? Haiwezekani. Kompyuta huamini ikikuta jambo kwa watu wengi. Wengi wape."

"Wengi wanajua, baba, ila hawaandiki!"

"Basi waandike."

Alikata simu kwa hasira. Eti mlenda ni chakula cha njaa, uongo huo ulikuwa kwenye kurasa arobaini na mashine ikaumeza mzima mzima. Mama yake aliyelisha ukoo, ndiye wa kutiliwa shaka!

Jumapili baada ya ibada akawakusanya akina mama, kila mmoja na simu yake au ya mwanawe. Karibu wote Stumai aliwahi kuwagawia mbegu.

"Andikeni mnachokijua. Msininakili mimi, na asiyewahi kutundika asiandike."

"Na aliyenipa nimtaje?" aliuliza jirani yake, Aneth.

Swali la haki. Kwao mbegu haitajwi bila aliyeigawa. Ukimficha, watasema umeiba.

"Mtaje."

Waliandika kumi na mmoja, na picha za madari yaliyoshika masizi wakaweka.

Wiki mbili baadaye Enock akatuma ujumbe: imepita. Yunisi akapiga kigelegele peke yake jikoni, kuku wakakimbia. Kabla hajaiweka simu chini, habari nyingine ikaingia, mashine imeiokota kwenye kurasa zile zile za akina mama: "Stumai anaishi Kinampanda."

Kidole kikaelekea kwenye Si kweli. Kaburi liko nyuma ya nyumba, na majuzi tu alilipalilia. Akainua macho. Juu ya jiko yalining'inia masuke ya mbegu ya mama yake, meusi kwa moshi, yakingoja mvua. Jinsi alivyomkumbuka! Machozi yakamtoka na hakuyafuta.

Akabonyeza Sijui.