Mwenzangu wa Pichani

Mama aliniruhusu kuja Dar es Salaam kwa sharti moja: nisikae peke yangu. Hakuwa mama wa kudekeza watoto. Ila kaka yangu alikuwa amekwenda Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akashikwa na homa kambini, akafa bila mtu wa kumpa maji. Sisi kule Unyamwezi tulipata habari majani yamekwisha kuota juu ya kaburi lake. Tangu hapo mama hakuogopa simba wala njaa. Aliogopa mtoto wake kukaa mahali asipojulikana. "Siku nitakayosikia uko peke yako," aliniambia, "utarudi uje ulime."

Basi kila msafiri wa kwetu aliyeniuliza habari nilimwambia nakaa na mwenzangu, mtu mwema sana, tunapika chungu kimoja. Uongo mtupu. Nilikuwa karani kwenye ghala karibu na bandari, na nilipanga chumba Temeke, katika nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati. Wapangaji wengine walikuwa watu wa pwani, wengi wao ndugu na mashemeji, wakitaniana kwa mafumbo nisiyoyajua. Walinisalimu vizuri tu. Mimi ndiye niliyeitikia kwa mkato, kama mtu anayeulizwa na hakimu, kisha nikaingia ndani na kufunga mlango. Jioni nikisikia vicheko vyao uani, najifanya nasoma. Sitapamba maneno: nilikuwa mpweke hata nikawa nazungumza na jiko.

Siku moja msafiri akaniletea ujumbe kwamba mama anataka picha. "Si yako tu," akasema. "Anataka kumwona na huyo unayekaa naye."

Mpiga picha wa Temeke wakati ule alikuwa mtu wa makamo, mwenye kofia ya kufuma na maneno mengi, aliyefanyia kazi uani kwake kwa kuwa alitegemea jua. Ukutani alitundika pazia lililochorwa ngazi za jumba la kitajiri na vyungu vya maua. Kwenye msumari palikuwa na koti la kuazima, tai moja, na saa ya mkono iliyokufa zamani. Nusu ya watu wa Temeke walipigwa picha wamevaa saa ile. Nilikwenda Jumapili baada ya kutoka kanisani. Nilikuwa nimeamua kupigwa peke yangu na kumwambia mama kwamba mwenzangu alikuwa kazini.

"Mwenzio yuko wapi?" mpiga picha akaniuliza.

"Nipige peke yangu."

"Peke yako? Hiyo ni picha ya polisi, bwana, ya mshitakiwa. Watu wanakuja hapa mtu na nduguye, mtu na rafikiye. Mji wote huu huna hata mtu mmoja?"

Aliuliza bila ubaya wowote, kama anayeuliza kama nina leso. Nilitaka kumzaba kibao, na nilitaka kulia. Vyote viwili nilivitaka kwa wakati mmoja. Badala yake nikamweleza habari za mama na za kaka yangu. Hakucheka. Alifungua mlango wa ua, akatazama barabarani, akamwita mtu aliyekuwa anapita na kanzu nyeupe.

"Bwana we! Hebu njoo umsaidie kijana huyu, apigwe picha na mtu."

Yule bwana akaja. Hakuuliza lolote, aliingia kama mtu anayeitwa kusukuma gari lililozama kwenye mchanga. Mimi nilivishwa koti na saa, nikakalishwa kitini, yeye akasimama nyuma yangu.

"Mwekee mkono begani," mpiga picha alisema akiwa ndani ya kitambaa chake cheusi. "Hapo hapo. Tulieni. Msipepese macho."

Tukazuia pumzi. Nilisikia harufu ya udi kwenye nguo zake, nikawaza kwamba ndivyo watu wengine wanavyoishi, wana mtu nyuma yao. Kisha mpiga picha akasema tayari, na yule bwana akasema, "Haya, mama aione salama," akaenda zake. Sikumuuliza jina wala yeye hakuniuliza langu.

Picha ilipokwisha kusafishwa niliipeleka kwa msafiri siku ile ile, nikihofia ujasiri utaniisha. Majibu yalirudi pamoja na vibuyu viwili vya asali. Mama alikuwa amefurahi, na majirani walikuja kumtazama huyo mwenzangu na kumsifu kanzu yake. "Kibuyu kimoja chako," ndivyo alivyosema, "na kimoja chake."

Kila msimu wa asali vikaja viwili. Nilikula changu kwa raha zangu, halafu nikala na cha mwenzangu, harakaharaka, nimegeukia ukuta. Mama akawa anaagiza salamu: hajambo huyo mwenzio, ameoa, kwao wapi? Nami nikajibu. Kwao Kilwa. Hapendi pilipili. Kifua kinamsumbua wakati wa mvua. Nilimtunga mtu mzima, kidogo kidogo, mpaka zikawepo jioni nilizomtamani kweli, nikasikitika kwamba hayupo.

Kisha habari ikaja kwamba mama yuko njiani, anakuja na gari moshi. Nilikimbia kwa mpiga picha huku nimevaa viatu bila soksi.

"Yule bwana wa kanzu!" nikamwambia. "Nitampata wapi?"

"Nitamjulia wapi mie? Siku ile nilidhani namwita mtu mwingine. Kaingia ndani ndiyo naona siye."

Mama akafika, amebeba vibuyu viwili. Akauliza mwenzangu yuko wapi, nikasema amesafiri kwenda kwao. "Haya," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini jioni ile ile niliporudi kutoka bombani nilimkuta uani kwenye mkeka, katikati ya wanawake wa nyumba, anachambua nao mchele na kucheka mpaka anajifuta machozi. Mama mwenye nyumba alikuwa anamwita dada. Nilisimama na ndoo yangu mlangoni, nikaona wivu. Naam, nilimwonea wivu mama yangu mzazi.

Siku zote alizokaa, alipopakua chakula aliweka sahani ya tatu na kuifunika kwa kawa. Asubuhi niliikuta imepoa, nikaila kabla ya kwenda kazini. Hakuuliza tena.

Stesheni, siku ya kuondoka, alifungua pindo la khanga akatoa ile picha. Ilikuwa imechakaa pembeni kwa kushikwashikwa.

"Tazama huo mkono," akasema.

Nikatazama. Mkono wa yule bwana ulikuwa juu ya bega langu, vidole vimekaa vizuri, lakini haukugusa. Alikuwa na adabu zake. Hakutaka kukunja koti la watu juu ya bega la mtu asiyemjua. Kati ya kiganja na koti ulipita mstari mwembamba wa mwanga.

"Mtu wako akikushika bega, nguo hulala," mama akasema. "Niliuona siku ile ile picha ilipofika."

Sikuwa na pa kuficha uso. "Mbona hukuniita nirudi?"

"Ungekuja kujifungia na kule nyumbani vilevile."

"Na vibuyu viwili?"

"Cha pili kilikuwa cha kukutoa nje, mwanangu. Utafute wa kumpa."

Gari moshi likaondoka naye. Nilirudi Temeke kwa miguu, njia yote, kwa sababu sikutaka mtu aketi karibu yangu anione usoni. Kibuyu cha pili kilikuwa chini ya kitanda, bado kimezibwa. Nilikichukua nikasimama nacho ukumbini. Milango mitano, na miaka yote ile sikuwa nimebisha hata mmoja. Nikauendea ule wa jirani ambaye kikohozi chake nilikuwa nakisikia ukutani kila masika, kile kile nilichomwazimia mwenzangu wa Kilwa.

"Hodi."

"Nani?"

"Mie."

"Mie nani?"

Nikatafuta kitu ambacho angenitambua kwacho. Sikupata.

"Mtoto wa yule mama aliyeondoka leo," nikasema, na mlango ukafunguliwa.