Jikoni Wanasemaje?

Wajukuu wangu wakirudi kutoka kupiga kura na wino kwa kidole, wananiuliza, shosho, zamani mlikuwa na demokrasia? Mimi nacheka. Nawaambia kaeni chini, niwaambie vile mimi nilinyamaza na kura ikapotea.

Niliolewa Bukhayo nikiwa msichana mdogo, shule nilisoma mpaka darasa la pili tu. Baba mkwe alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya mto. Sikuwahi kumwangalia usoni. Kwetu mke wa mtoto hakai karibu na baba mkwe, hamsalimii kwa mkono, na jina lake hawezi kulitaja. Hata kama kuna mtu mwingine ana jina kama lake, unatafuta njia ya kuzunguka.

Lakini yule mzee alikuwa ananisikia! Wazee wakija kuamua mambo, shamba au ng'ombe au ndoa, walikaa uani kuzunguka chungu cha pombe ya busaa, kila mtu na mrija wake. Mtu akikataa neno, anatoa mrija wake kwa chungu. Basi, hakuna kuendelea. Wanaongea mpaka mrija urudi. Siku zingine mrija mmoja uliwakalisha toka asubuhi mpaka kuku wanaingia ndani. Na kabla hawajamaliza, baba mkwe anageuza kichwa kidogo upande wetu, anauliza kwa sauti, "Jikoni wanasemaje?"

Sisi tulikuwa nyuma ya ukuta wa udongo, tunachambua mboga, masikio yote huko nje. Tunamnong'onezea mama mkwe, yeye anatoka anasema. Siku moja neno langu ndilo lilipita, juu ya njia ya kwenda kisimani. Wazee wakasema, "Jikoni wameongea vizuri." Hakuna aliyejua ni mimi, lakini mimi nilijua. Nilitembea kwa hiyo njia kama ni yangu!

Halafu Uhuru ikakuja, na chama cha wakulima wa pamba kikaanza kwetu. Baba mkwe alinikatia kipande cha shamba na akaniandikisha kama mwanachama, mimi na wake wa watoto wa ndugu zake, wote. Wanaume wengine wakamcheka. Yeye akasema mkono unaovuna pamba una haki ya kuchagua.

Ikafika siku ya kuchagua mwenyekiti. Waliosimama ni baba mkwe na mwenye duka mmoja ambaye alikuwa amehamia kwetu kutoka Matayos. Baba mkwe mwenyewe ndiye alileta sheria, kwa sababu zamani watu walisema "yule mnene," "yule wa juu," halafu wanabishana ni nani alitajwa, wanapigana. Akasema, "Kila mtu ataingia peke yake, atataja jina kwa mdomo wake. Hakuna kusemewa, hata wanawake."

Karani alitoka mbali, kijana wa suruali iliyopigwa pasi. Kabla ya kuanza alituhubiria kwamba hii kitu inaitwa demokrasia, ililetwa na Wagiriki, watu wa zamani kabisa, walikuwa wanakutana uwanjani na kila mwanamume anasema maneno yake.

Mama mkwe akauliza, "Na wanawake wao walikuwa wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Waliulizwa?"

Karani akasema hiyo hawakumfundisha.

Tukapanga laini nje ya darasa moja la shule ya kwetu. Nikaingia. Karani akashika kalamu. "Unataka nani, dada?"

"Baba ya mume wangu."

"Hapa hakuna baba ya mume. Taja jina."

"Si unamjua? Yule mrefu."

"Sheria ni jina, na ni yeye mwenyewe alisema."

Nilifungua mdomo. Jina lilikuwa hapo, nalijua kama njia ya kisimani. Likakataa kutoka. Mwanamke mmoja akaita kutoka nje, "Taja, wewe! Jua linatuchoma!" Nikamjibu, "Kuja utaje wewe, si ni mkwe wako pia?" Laini yote ikaangaliana. Hapo ndipo tulielewa. Sisi wanawake wote tulikuwa tumeolewa kwa ukoo huo mmoja, na kwetu sote yeye ni mkwe.

Tukaingia, tukatoka, mmoja mmoja, bila neno. Na jina la mwenye duka lilikuwa linatoka kwa mdomo wa mtu yeyote bila shida. Akashinda.

Jioni hiyo wazee walikunywa busaa kama kawaida. Baba mkwe alikaa lakini hakugeuza kichwa. Hakuuliza. Nilikaa nyuma ya ukuta nikingoja, sahani imelala mkononi. Alidhani jikoni tumemkataa! Nikashindwa kuvumilia. Nikasema kwa sauti, na hiyo haikuwa adabu, "Mama, mwambie baba hatukumkataa. Jina lake ndilo lilitushinda."

Halafu nikasikia kicheko, kikubwa, mrija ukaanguka. "Wuui! Kumbe nimeangushwa na heshima! Wangekuwa na adabu mbaya kidogo ningekuwa mwenyekiti!" Wazee wakapiga mapaja. Halafu akasema, safari hii akigeuza kichwa, "Mwaka ujao hakuna jina. Kila anayesimama na kibuyu chake. Mtu ataleta punje ya mahindi, aweke kwa kibuyu cha yule anataka."

Na wakafanya hivyo. Lakini yeye alikuwa ametutoka, tulimzika wakati wa mvua ndefu. Mimi nilikuwa nimechagua punje yangu mapema, kubwa, nyeupe, bila tundu. Nikafika mezani nayo kwa kiganja. Vibuyu viwili, na hakuna chake. Niliweka tu kwa kimoja, hata sikumbuki kipi.

Sasa nimezeeka, nimepiga kura nyingi. Wananipa karatasi yenye picha, naingia peke yangu kwa kile kibanda, hakuna mtu ananiona. Ni vizuri. Hakuna mtu ananiuliza pia. Kila mara, kabla sijaweka alama, mdomo wangu unajaribu lile jina, polepole, bila sauti. Mpaka leo halijatoka. Nje nasikia wajukuu wanaita, "Shosho, umelala huko?"